Uraia wa Mtoto wa Mmarekani Aliyezaliwa Ughaibuni (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyopita tulimtazama mtoto aliyezaliwa juu ya ardhi ya Marekani, ambaye aghalabu haulizwi nasaba yake. Leo twaingia katika mlango ulio mgumu zaidi, nao ni wa mtoto aliyezaliwa ng'ambo, mzazi wake mmoja raia wa nchi ile na wa pili mgeni.

Wengi hudhani ya kwamba damu peke yake yatosha. Haitoshi. Tangu sheria ya 1790 ilishurutishwa kwamba baba awe amepata kukaa Marekani, na sheria ya 1855 ikamtaja baba waziwazi, hata mama raia aliyeolewa na mgeni na kujifungua ughaibuni hakuwa na uraia wa kumrithisha mwanawe mpaka Mei 24, 1934. Na waliozaliwa kabla ya siku hiyo wakangoja hadi 1994, wamekwisha kuwa wazee, ndipo Bunge la Marekani lilipowatambua. Hiyo ilikuwa dhuluma, wala sioni jina jingine la kuiita.

Sharti la makazi lingalipo. Kwa mtoto aliyezaliwa tangu Novemba 14, 1986, wazazi wakiwa wameoana, mzazi aliye raia lazima awe amekuwapo Marekani kwa mwili wake miaka 5 kabla ya uzazi, na miwili katika hiyo iwe baada ya kutimiza umri wa miaka 14; hapo awali ilitakiwa 10, na 5 baada ya umri huo. Tumfikirie mama aliyezaliwa Ohio, akalelewa huko, akahamishwa na wazazi wake siku alipotimiza miaka 15, asirudi tena: afikapo kwenye dirisha la ubalozi, mtoto begani, bahasha imejaa ripoti za shule na kadi za chanjo, afisa huzipanga karatasi zile mwaka baada ya mwaka, kisha humwonyesha kwamba miaka 15 anayo, bali baada ya umri wa miaka 14 ana mmoja tu. Mwanawe hakuzaliwa raia.

Tena zamani hata aliyeupata aliweza kuupoteza. Aldo Mario Bellei, aliyezaliwa Italia mwaka 1939 kwa mama Mmarekani na baba Mwitalia, alipokonywa uraia kwa kutokaa Marekani miaka 5 mfululizo baina ya umri wa miaka 14 na 28, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, ikalikubali jambo hilo. Nami naona wale 4 ndio walioishika haki. Sharti lilifutwa 1978, lakini waliokwisha kuvuliwa hawakurudishiwa kwa kufutwa huko.

Mzazi asikawie kupeleka habari ya uzazi ubalozini, kwani ripoti yake hutolewa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Juma lijalo, inshallah, tutamtazama mtoto wa nje ya ndoa na hukumu ya 2017.