Simu ya Dharura Wakati wa Hofu: Je, Aliyepiga Amekosea?

Katika hosteli za vyuo vyetu hutokea jambo ambalo aghalabu husimuliwa kwa minong'ono tu. Mwanafunzi ameketi usiku akijiandaa kwa mtihani. Ghafla moyo unaanza kwenda mbio, kifua kinabana, jasho linamtoka, vidole vinakufa ganzi, na anaamini kabisa kwamba anakufa. Anapiga simu ya dharura, au mwenzake wa chumbani anampigia. Hapa Rwanda namba hiyo ni 912, ya huduma ya gari la wagonjwa (SAMU) iliyoanzishwa mwaka 2007. Hospitalini anapimwa na kuambiwa kuwa moyo wake ni mzima. Kesho yake hofu ya kufa imekwisha, lakini imeingia nyingine: nimewasumbua watu bure, pengine kuna mama mjamzito aliyecheleweshewa gari kwa sababu yangu, huenda wameniona mwongo. Makala haya yanaeleza kilichompata mtu huyo, na kwa nini hofu hii ya pili haina msingi.

Tuanze na istilahi. Hali hiyo wengi huiita shambulio la hofu, wengine mshtuko wa hofu. Mitaani utasikia tu kwamba fulani "presha imempanda", hata kama hakuna aliyempima. Hata hivyo, Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Kina wahaka, fadhaa, kiherehere cha moyo, na neno zuri ambalo wanafunzi wetu hawalitumii siku hizi, yaani jakamoyo. Majirani zetu wa lugha hawako mbali na hapo. Neno la Kinyarwanda "ihahamuka", linalotumika hasa kwa majeraha ya nafsi yaliyotokana na Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, huhusishwa na mapafu na kukosa pumzi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na si kila shambulio la hofu ni ihahamuka. Ila lugha zote mbili zimeiweka hofu kifuani, wala si kichwani, na zimesema kweli.

Kwa hakika mwili wenyewe ndio unaofanya kazi hapa. Katika shambulio la hofu, mwili humwaga adrenalini kana kwamba kuna chui mlangoni. Moyo hupiga haraka, misuli hukaza, na mtu hupumua haraka kupita mahitaji yake. Kupumua huko huondoa kabonidioksidi nyingi mno katika damu, na ndiyo sababu vidole na midomo huwashawasha au kufa ganzi, na kichwa huzunguka. Maumivu ya kifua ni ya kweli, hakuna anayeyabuni. Kwa kawaida hali hufikia kilele katika muda wa dakika 10 hivi, kisha hupungua. Basi gari linapofika, mara nyingi mgonjwa ameshaanza kutulia, na hapo ndipo aibu huzaliwa. Angekuwa bado anatapatapa, asingejiona mwongo.

Je, angeweza kujua kwamba si moyo? Mwaka 1871 daktari wa Marekani, Jacob Mendes Da Costa, aliandika juu ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliolalamika kuhusu moyo na kifua, naye akadhani anaeleza ugonjwa wa moyo. Maradhi ya mashambulizi ya hofu yalikuja kupewa nafasi yake katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Ikiwa wataalamu walihitaji zaidi ya karne moja, tusimdai mwanafunzi wa mwaka wa pili atofautishe gizani, huku anatetemeka. Dalili hizo hizo zaweza kuletwa na mshtuko wa moyo, pumu, sukari kushuka, au damu iliyoganda mapafuni. Vipimo ndivyo vinavyotenganisha, navyo haviko hosteli.

Isitoshe, anayepiga simu hatoi hukumu. Yeye hueleza anachohisi, na anayepokea huuliza maswali na kupima uzito wa hali. Simu ya uongo ni ya yule anayejua kuwa hakuna hatari, kisha akasema ipo. Kukosea kwa nia njema si uongo. (Na tafadhali, anayetaka kuomba radhi asipige tena namba ya dharura kwa ajili hiyo. Hapo ndipo atakapoishikilia laini bure.)

Lawama kidogo, kwa maoni yangu, iende kwa ile kauli ya wodini: "Huna kitu." Kauli hiyo ina maana kwamba kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha tatizo. Mgonjwa husikia kwamba hakuna kilichotokea, kwamba amejifanya. Ingetosha kumwambia: "Moyo wako ni mzima, ulichopata ni shambulio la hofu, na lina tiba." Tiba hiyo ipo kweli: mazungumzo ya kitaalamu yanayomfundisha mtu kuzikabili fikra zake za hofu, na dawa pale daktari anapoona zinahitajika. Asiyeambiwa hivyo huanza kuogopa hofu yenyewe. Ataacha kupanda basi, ataacha kuketi katikati ya ukumbi wa mihadhara, na, baya zaidi, atasita kupiga simu siku ambayo kifua kinauma kwa sababu nyingine.

Aliyekwisha kupimwa na kujulikana hali yake apatane na daktari kuhusu la kufanya likimrudia. Kwa kawaida ataambiwa akae, apumue polepole, atoe pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, na asubiri. Ule ushauri wa zamani wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi haupendekezwi tena. Lakini maumivu yakiwa ya namna ngeni, yakienea mkononi au tayani, au mtu akizimia, simu ipigwe bila kusita. Aseme kwa sentensi fupi: "Kifua kinanibana tangu dakika kumi zilizopita. Moyo unaenda mbio. Niliwahi kupata shambulio la hofu, lakini leo ni tofauti." Kisha ataje mahali alipo, na asikate simu mpaka aambiwe.