Je, Wajua? Faili Dogo Linalofanya Kazi Umelala

Ijumaa saa mbili usiku, ofisi imefungwa, lakini kompyuta ya mhasibu inakusanya mafaili ya wiki nzima, inayabana yawe faili moja lenye tarehe ya siku hiyo, kisha inalihifadhi kwenye diski nyingine. Hakuna programu iliyonunuliwa. Kazi yote inafanywa na skripti ya sheli, yaani faili la maandishi matupu lenye amri ambazo mtu angezichapa mwenyewe, mstari baada ya mstari, kwenye sheli, yaani programu inayopokea amri na kuzitekeleza.

Wazo hili limezitangulia kompyuta za mezani. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Louis Pouzin, akiwa MIT huko Marekani, aliandika RUNCOM, programu iliyosoma amri kutoka kwenye faili na kuzitekeleza kwa zamu. Bash, sheli iliyoenea mno kwenye Linux, ilitolewa na Brian Fox mwaka 1989. Hata simu yako ya Android ina sheli ndani yake.

Ratiba ni kazi ya kron, programu inayotazama orodha yake kila dakika. Ijumaa ile inaandikwa hivi:

0 20 * * 5 /home/asha/nakala.sh

Dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Nyota ni "yoyote". Hapa ndipo Waswahili tunapoteleza. Mashine haijui saa zetu: ukiandika 2, kazi itafanyika saa nane usiku. Wala haianzi wiki Jumamosi; Jumapili ndiyo 0, na Ijumaa 5.

Tena sheli hutii ulichoandika, si ulichokusudia. Mapema mwaka 2015 iligunduliwa kwamba skripti ya Steam, programu ya kununulia na kuchezea michezo ya kompyuta, kwenye Linux ingeweza kukosa jina la folda yake. Pale palipotakiwa jina pakabaki patupu, na amri ikawa rm -rf "/"*, yaani futa kila kitu kuanzia kwenye mzizi. Mtumiaji mmoja alipoteza mafaili yake yote, hata ya diski ya nje iliyokuwa imechomekwa. Cha ajabu, kando ya mstari huo mwandishi wake alikuwa ameacha maelezo kwamba unatisha!

Basi unapoandika skripti yako ya kwanza, tanguliza neno echo mbele ya kila rm na mv (amri ya kuhamisha faili). Kompyuta itakuonyesha inachotaka kufanya bila kugusa kitu. Soma, hakikisha, ndipo uliondoe.