Chajio Majini: Mwenye Amri ni Nahodha

Ndugu msomaji, kula chajio ndani ya chombo kinachoelea, huku jua likizama na muziki ukipigwa, ni starehe inayozidi kupendwa na familia za miji yetu. Huko Dubai, ambako ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanafanya kazi, majahazi ya mbao yaliyopambwa kwa taa hupita katika Khor usiku yakiwa na wageni mezani. Hapa Uganda, starehe ya namna hii hupatikana katika fuko za Ziwa Victoria upande wa Entebbe na Kampala, na katika mto Nile penye jiji la Jinja.

Askari anayepata likizo baada ya miezi mingi ya kuwa mbali na nyumbani ana haki ya kumpeleka mkewe na watoto mahali pazuri. Askari polisi aliyelinda karamu za watu wengine mwaka mzima naye ana haki ya kuketi katika karamu yake mwenyewe. Makala haya hayakuandikwa ili kumkataza mtu. Yameandikwa ili yeye na jamaa zake wakirudi nyumbani idadi yao iwe ile ile iliyoondoka.

MTO WETU NA MTO WA JINJA

Sisi tunaoishi Rugaaga na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale tuna mto wa jiji ulio karibu nasi, nao ni Rwizi. Mto huu unatoka katika milima ya Buhweju, unapita katikati ya Mbarara, ambayo ilifanywa jiji tarehe 1 Julai 2020, kisha maji yake huingia katika maziwa yetu ya Mburo na Nakivale. Rwizi ni mto wa kunywesha watu na mifugo. Kina chake ni kidogo, kingo zake zimeliwa na kilimo na uchimbaji wa mchanga, nao hauwezi kubeba chombo chenye meza na bendi. Kwa hiyo mtu wa huku anayetamani chajio cha mtoni hana budi kupanda basi, apite Kampala, kiasi cha kilomita 270 kutoka Mbarara, na kuendelea kilomita 80 nyingine hadi Jinja.

Safari hiyo haiendi bure. Jinja ndipo Nile unapotoka katika Ziwa Victoria na kuanza mwendo wa kilomita zaidi ya 6,000 hadi Bahari ya Kati. Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo Julai 1862 na kuyaandika maporomoko aliyoyaona, ingawa wenyeji waliyajua tangu zama za mababu. Maporomoko hayo hayaonekani tena, kwa kuwa bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954 maji yalipanda na kuyafunika. Katika mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilitiwa katika maji hayo, na ukumbusho wake upo ukingoni. Mtoto aliyesoma habari za Nile darasani atafurahi kuyaona mambo haya kwa macho, na mzazi atafurahi kuulizwa maswali.

Jioni, mnandi na mdiria hurudi vichakani, upepo hupoa, na taa za jiji huanza kuwaka. Karibu saa moja usiku jua huwa limekwisha kuzama, na katika nchi hizi za ikweta giza huingia upesi. Chakula huletwa: ngege wa kukaanga, mchomo, matoke, chapati. Bendi huanza kupiga, au spika hufunguliwa. Hapo ndipo starehe inapokolea, na hapo ndipo akili inapotakiwa kuwa macho zaidi.

KWA NINI CHOMBO CHA STAREHE NI TOFAUTI

Mvuvi wa Ziwa Nakivale anajua sheria moja isiyoandikwa: ndani ya mtumbwi watu huketi. Anayetaka kusimama huomba ruhusa. Abiria wa mashua ya kawaida hufuata desturi hiyo, kwa sababu wapo safarini na hofu kidogo inawatawala. Lakini mtu aliyelipa kiingilio cha karamu hajioni kuwa msafiri. Anajiona yupo ukumbini. Husimama, hucheza, hupanda sitaha ya juu kupata upepo, na mtu akiita, "Tazameni kule!", wote hukimbilia upande mmoja.

Tufanye hesabu ndogo. Watu 40, kila mmoja akiwa na uzito wa kilo 65, wana uzito wa kilo 2,600. Wakihama kwa pamoja kutoka katikati kwenda ubavuni, ni kana kwamba shehena ya lori dogo imesukumwa upande mmoja kwa dakika moja. Mabaharia wa zamani waliweka farumi chini kabisa ya jahazi, yaani mawe au mchanga, ili uzito ukae chini na chombo kisimame wima. Karamu hufanya kinyume chake: huweka juu jenereta, spika, makreti ya vinywaji na watu wanaorukaruka. Kama maji yameingia ngamani, mambo huzidi kuharibika, kwa sababu chombo kikilala kidogo maji hayo nayo hukimbilia upande uliolala, na kukizuia kisiinuke.

Tena kuna muziki wenyewe. Muziki ni mzuri, lakini huziba masikio. Nahodha akitoa amri ya kuketi, hasikiki. Injini ikibadilisha mlio, hakuna anayegundua. Mtu akianguka majini akapiga kelele, sauti yake hupotea katika ngoma. Ongeza giza, ongeza pombe, na utaona kwamba ajali ya usiku katika chombo cha starehe huwakuta watu wakiwa hawajui hata mlango ulipo.

MSIBA WA NOVEMBA 2018

Haya si maneno ya kutisha watoto. Jumamosi, tarehe 24 Novemba 2018, chombo cha starehe kilichoitwa MV Templar kilikuwa katika Ziwa Victoria upande wa Mukono, kikiwa na watu waliokwenda kustarehe kwa muziki na vinywaji. Kilipinduka na kuzama jioni hiyo, si mbali na ufuko. Watu zaidi ya 30 walikufa. Serikali ilieleza kwamba chombo hicho hakikuwa na leseni, kilikuwa kibovu, na kilibeba watu kupita uwezo wake. Polisi walieleza kwamba majaketi ya kuokolea maisha yalikuwapo, lakini wengi walikataa kuyavaa. Wavuvi waliokuwa karibu walitoka na mashua zao kuokoa watu pamoja na polisi na wanajeshi.

Fikiri jambo hilo, ndugu msomaji. Jaketi lilikuwapo. Ufuko ulikuwa unaonekana. Waliokuwa ndani hawakuwa watu wajinga. Wengi walikuwa watu wa mjini, wenye kazi na elimu. Walichokosa ni mtu mmoja mwenye sauti ya kusema, "Hatung'oi nanga mpaka kila mtu avae, na waliozidi washuke," na kundi la kumtii mtu huyo.

LONDON NAYO ILILIA

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya nchi changa peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Agosti 1989, katika mto Thames uliomo ndani ya jiji la London, chombo kidogo cha starehe kiitwacho Marchioness kilikuwa na karamu ya siku ya kuzaliwa. Meli kubwa ya kuchota mchanga, Bowbelle, ilikigonga kutoka nyuma, nacho kikazama upesi sana. Watu 51 walikufa katikati ya jiji kubwa, chini ya madaraja yenye taa. Uchunguzi ulionyesha kwamba vyombo vyote viwili havikuwa na uangalizi wa kutosha wa kutazama mto. Yalipita zaidi ya miaka 12 kabla ya vituo maalumu vya waokoaji kufunguliwa katika mto huo, mwaka 2002.

Somo la Thames ni tofauti kidogo na la Mukono. Pale watu hawakukosea kwa kucheza; kilichokosekana ni macho ya wenye vyombo. Kwa hiyo abiria ana mambo mawili ya kuangalia: mwenendo wake mwenyewe, na mwenendo wa wale aliowakabidhi roho yake.

CHEO HUBAKI NCHI KAVU

Hapa nina neno maalumu kwa wasomaji wetu wa jeshi na polisi. Mtu mwenye cheo amezoea kutiiwa. Akifika gatini akaambiwa kwamba chombo kimejaa, huona vibaya mbele ya wageni wake, na pengine husema, "Wewe, hunijui? Ongeza hawa watano." Nahodha, akiogopa, huongeza. Hivyo ndivyo amri inavyohama kutoka kwa mtu anayejua maji kwenda kwa mtu asiyeyajua. Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama.

Askari anaelewa jambo hili kuliko raia. Mlinzi wa lango la kambi, hata akiwa hana cheo chochote, humsimamisha mtu mkubwa na kumwuliza neno la siri, na mkubwa huyo akiwa na adabu ya kijeshi hujibu. Lango ni la mlinzi. Vivyo hivyo, chombo ni cha nahodha, tangu kamba inapofunguliwa hadi inapofungwa tena. Askari wa kweli awapo abiria huwa wa kwanza kuvaa jaketi, ili wengine waone haya kukataa. Mfano huo unaweza kuokoa watu wengi kuliko hotuba.

MAMBO YA NYUMBANI KUZINGATIA

Kwanza, kabla ya kulipa. Uliza leseni ya chombo na idadi ya watu kinachoruhusiwa kubeba. Sheria ya Uganda ya Usafiri wa Maji ya Ndani, ya mwaka 2021, inataka vyombo visajiliwe na kupewa leseni, kwa hiyo swali lako si utovu wa adabu. Mwenye chombo halali atakuonyesha kwa furaha. Anayekasirika amekwisha kukujibu. Pesa za tiketi zikipotea zitatafutwa tena.

Pili, wakati wa kupanda. Hesabu watu, kisha hesabu majaketi. Vaa jaketi na ufunge mikanda yote. Jaketi la kukalia kama mto halimwokoi mtu. Mtoto apewe jaketi la kimo chake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, kwa maana lile la mtu mzima humtoka kichwani akiwa majini. Kama hakuna la mtoto, basi mtoto asipande, na mmoja wa wazazi abaki naye ukingoni. Angalia pia milango ilipo, na keti mahali ambapo unaweza kutoka bila kupita watu wengi.

Tatu, mavazi. Gomesi na mushanana ni mavazi ya heshima, lakini kitambaa kirefu kikilowa huwa kizito na huifunga miguu. Mavazi hayo yavaliwe hotelini baada ya kurudi. Majini yafaa nguo nyepesi, sweta kwa ajili ya upepo wa usiku, na viatu vinavyovuliwa upesi.

Nne, chakula. Ni bora chakula kipikwe nchi kavu na kuletwa katika vyombo vya kutunza joto. Jiko la makaa lenye moto ndani ya chombo kinachoyumba ni adui. Asiyezoea maji ale kidogo kwanza, na akisikia kichefuchefu atazame ukingo wa mbali badala ya sahani yake. Na katika kila familia, mtu mzima mmoja walau asinywe pombe kabisa usiku huo. Huyo ndiye mlinzi wa zamu.

Tano, muziki. Kabla ya kuondoka, ombeni bendi na nahodha wapatane juu ya ishara moja: nahodha akiinua mkono au akipiga kengele, muziki unyamaze papo hapo. Watu wacheze chombo kikiwa kimefungwa gatini, na kikiwa mwendoni waketi wakisikiliza. Wimbo hausikiki vibaya kwa kuketi.

Sita, hali ya hewa. Katika Ziwa Victoria, usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, pepo za nchi hukutana juu ya ziwa, na mvua za radi huzaliwa huko. Mawingu mazito yakionekana jioni, ahirisheni. Jambo la hatari likitokea, polisi huitwa kwa simu namba 999 au 112. Kabla ya kuondoka, mwachie jamaa aliyebaki jina la chombo, gati mliloondokea, na saa ya kurudi.

Watu wetu wengi wa Nakivale walivuka maziwa makubwa kwa dhiki, wakikimbia vita, katika mashua ambazo hawakuwa na nafasi ya kuzichagua wala kuzikagua. Anayekwenda majini kwa starehe ana nafasi hiyo. Anaweza kuuliza, anaweza kukataa, anaweza kushuka kabla kamba haijafunguliwa. Baba akisema mbele ya watoto wake, "Chombo hiki kimejaa, tutapanda kinachofuata," watoto watalalamika kidogo, kisha wataketi ukingoni wale ngege wao huku wakisikiliza bendi ikienda mbali juu ya maji. Chajio hicho nacho ni kitamu.