Bujumbura: Namna ya kumkaribisha mchezaji mpya katika kisa cha mezani

Katika seti ya wanaoanza ya mchezo wa Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 2014, kisa kinaanza na gari la mizigo. Wachezaji wamekodiwa kulisindikiza hadi katika mji mdogo uitwao Phandalin. Njiani wanakuta farasi wawili waliouawa, na vichakani wamejificha wavamizi.

Kwa kijana wa Wisconsin au wa Manchester, huo ni mwanzo wa burudani. Kwa familia nyingi za Bujumbura, shambulio la barabarani halimo katika hadithi za kubuni. Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1993, safari za Burundi zilikuwa za hatari. Tarehe 28 Desemba 2000, basi la abiria lililotoka Kigali lilishambuliwa karibu na jiji hili, na watu 21 wakapoteza maisha.

Je, kisa cha namna hiyo kinaweza kuchezwa na vijana wa Cibitoke ambao hawajawahi kuuona mchezo huu? Kinaweza, ila sharti kibadilishwe. Makala haya yanaeleza namna ya kukibadilisha na sababu zake. Cibitoke tunayoizungumzia ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Kamenge, Kinama na Ngagara, wala si mji wa jina hilo ulio kaskazini-magharibi mwa nchi.

Mchezo wenyewe ni upi?

Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi. Waliobaki kila mmoja huchukua nafasi ya mhusika: mvuvi, tabibu, mlinzi. Msimulizi hueleza mahali na tukio, kisha huuliza: "Mnafanya nini?" Wachezaji hujibu kwa maneno. Jambo likiwa na mashaka, kama vile kuruka mto au kumshawishi askari, dadu hurushwa ili kujua limetokeaje.

Anayejua bao ataona tofauti mara moja. Katika bao, wawili hushindana kwa mashimo 32 na kete 64, na mmoja hushinda. Katika mchezo huu wote wamo katika chombo kimoja: wakivuka wamevuka pamoja, wakizama wamezama pamoja. Una undugu zaidi na hadithi za jioni, pale msimulizi anaposema "Kitendawili!" na wasikilizaji wakaitika "Tega!" Hapa, hata hivyo, wasikilizaji hawaishii kuitika. Wao ndio wanaoamua hadithi ielekee wapi.

Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa mwaka 1974 kwa nakala 1,000. Vijitabu vyake vitatu viliandikwa kwa watu waliokwisha kuzoea michezo ya vita ya mezani, na mgeni aliyevifungua alipotea. Ndiyo maana mwaka 1977 J. Eric Holmes alitayarisha toleo la wanaoanza. Mwaka 1983 Frank Mentzer alikwenda mbali zaidi: kitabu chake kilianza na kisa ambacho msomaji alikicheza peke yake, akijifunza kanuni huku akisonga mbele. Seti ya mwaka 2014 nayo ilikuja na wahusika watano waliokwisha kuandaliwa.

Mwelekeo wa miaka hiyo 40 unaonekana wazi. Kila toleo la wanaoanza lilipunguza mambo ambayo mgeni anapaswa kuyasoma kabla hajafanya uamuzi wake wa kwanza. Hiyo ndiyo kanuni ya kufuata hata Cibitoke.

Wahusika wanaojulikana

Msimulizi asianze kwa kufundisha. Aweke mezani karatasi tano ndogo, kila moja ikiwa na mistari mitatu tu: mhusika anaweza nini, anaogopa nini, na ni nani kati ya wenzake anayemwamini. Mchezaji achague kwa kusoma, au kwa kusomewa.

Wahusika watoke katika maisha yanayofahamika: mvuvi wa usiku wa Ziwa Tanganyika, muuza dagaa wa soko la Cotebu, fundi baiskeli, mjuzi wa mitishamba, mwanafunzi hodari wa kusoma ramani. Mchezaji mpya hajui shujaa wa kale wa Ulaya huvaa nini au husema nini. Muuza dagaa anamjua. Anajua atakavyobishana bei na anajua atakachokataa kukiuza. Hivyo atafungua kinywa mapema.

Kutoka barabarani kwenda ziwani

Kiini cha kisa cha mwaka 2014 ni mzigo uliopotea na mtu aliyetoweka. Hicho kinafaa kubaki. Kinachoondolewa ni mtego wa barabarani.

Tuseme mashua ya mizigo imetoka Rumonge ikiwa imebeba mawese na magunia ya dagaa. Dhoruba imeisukuma hadi kwenye matete ya delta ya Rusizi. Jua linazama. Magunia yanaelea yakienda mbali, na kijana msaidizi wa nahodha amesimama juu ya kisiwa cha mchanga, akipunga shati lake. Nahodha mwenyewe haonekani.

Joka la hadithi za Ulaya nalo lina mbadala. Delta ya Rusizi ndiyo makazi ya viboko na mamba, na ndiyo iliyompa sifa mamba aitwaye Gustave, jina alilopewa na Mfaransa Patrice Faye, mkazi wa Burundi. Jaribio la kumnasa kwa kizimba lilirekodiwa katika filamu ya mwaka 2004, na halikufanikiwa. Msimulizi hahitaji kumwonyesha. Akisema tu kwamba ndege wote wa ukingoni wameruka kwa pamoja, kila mtu mezani ataelewa.

Dadu mbili za ludo

Mchezo wa asili hutumia dadu yenye pande 20, ambayo si rahisi kuipata. Dadu mbili za ludo zinatosha. Mchezaji azirushe na ajumlishe: akipata 7 au zaidi, amefaulu. Kati ya matokeo 36 yanayowezekana, 21 yatamfaa. Kama jambo hilo ni la fani ya mhusika wake, kwa mfano mvuvi kupiga kasia, inatosha kupata 6, na hapo matokeo 26 kati ya 36 yatakuwa upande wake.

Asiyefaulu asiambiwe "hakuna kilichotokea". Jibu hilo humvunja moyo mgeni. Kamba imeshikwa, lakini kasia limechukuliwa na maji. Kijana ameokolewa, ila kelele zake zimewaamsha viboko. Kwa njia hiyo dadu mbaya hubadili hadithi bila kuisimamisha.

Nani aseme kwanza?

Ndani ya dakika tano za mwanzo, swali liwe limeulizwa: kijana au magunia? Liwe swali lenye majibu mawili ya haki. Magunia yale ndiyo mtaji wa mwanamke fulani sokoni. Swali lenye jibu moja halimpi mtu nafasi ya kuamua.

Desturi yetu ni mkubwa kutangulia kusema. Desturi hiyo ina heshima yake, lakini mezani huzaa tatizo: kaka mkubwa akishasema, wadogo humfuata. Msimulizi awaombe radhi wakubwa mapema, kisha aanze na mdogo kuliko wote, akimwita kwa jina la mhusika wake: "Mvuvi, wewe wajua maji haya. Wasemaje?" Msichana anayenyamaza kwa haya akiulizwa kwa jina lake mara nyingi husema akiulizwa kwa jina la mvuvi.

Lugha nayo isiwe mlango uliofungwa. Anayefikiri kwa Kirundi ajibu kwa Kirundi, na anayeteleza katika Kifaransa asichekwe. Msimulizi akariri kila uamuzi kwa Kiswahili, ili wote wasafiri pamoja.

Mambo yasiyoguswa

Cibitoke ni miongoni mwa mitaa ambayo majirani walitengana katikati ya miaka ya 1990, wengine wakahama wasirudi. Vijana wa leo hawakuyaona, lakini wamelelewa na walioyaona. Katika mitaa hiyo hiyo ya kaskazini, kituo cha vijana cha Kamenge kiliwakusanya wa pande zote kwa michezo na masomo, na mwaka 2002 kikapewa tuzo ya Right Livelihood. Kucheza pamoja, basi, ni jambo lililokwisha kujaribiwa hapa kwa makini.

Kabla ya dadu ya kwanza, msimulizi aulize kila mmoja ni jambo gani lisiingizwe katika hadithi, na asidai sababu. Makabila na vyama vya siasa vibaki nje. Maadui katika kisa wasifanane na kundi lolote la watu wanaoishi mtaani. Tena kuwe na ishara moja, kama kiganja kuinuliwa: anayeiinua, tukio lile linaachwa papo hapo, na hadithi inaendelea mahali pengine. Kanuni hii isiachwe kwa kuona haya. Mtu aliyeumizwa mezani hawezi kusema kwamba ulikuwa mchezo tu.

Saa mbili zinatosha

Kikao cha kwanza kisizidi saa mbili, na kiwe na mwisho: nahodha ameonekana, au imejulikana alikokwenda. Mgeni aliyeachwa njia panda hurudi nyumbani na maswali ya kanuni. Aliyefika mwisho hurudi na hadithi ya kuwasimulia wa nyumbani.

Kinachohitajika ni karatasi tano, kalamu, dadu mbili, na taa pembeni iwapo umeme utakatika. Baada ya kisa, msimulizi aulize swali moja tu: "Ungekuwa wewe mwenyewe, si mvuvi, ungemfuata kijana au magunia?" Hapo huanza mazungumzo ambayo hayahitaji dadu, na majirani wa Cibitoke wanaweza kuyaendeleza wenyewe.