Grisi, Kasha na Namba: Utunzaji wa Bunduki Zisizotumika

Bunduki ya kijeshi ambayo haijakabidhiwa askari yeyote huweza kukaa ghalani miongo mingi bila kuharibika, mradi ifungwe vizuri. Mfano unaojulikana ni Lee-Enfield No. 4 Mk 2, iliyotengenezwa kuanzia 1949 hadi katikati ya miaka ya 1950 katika kiwanda cha serikali ya Uingereza huko Fazakerley, Liverpool. Baadhi ziliuzwa kwa jeshi la Ireland. Nyingi kati ya hizo hazikutumika, na baadaye zilifika kwa wakusanyaji wa Marekani zikiwa bado ndani ya vifungashio vya kiwandani.

Adui mkuu ni unyevu. Chuma hupakwa grisi nzito, pamoja na tundu la mtutu, kisha bunduki nzima huviringishwa karatasi isiyopitisha maji na kupangwa kwenye kasha la mbao. Ghala linatakiwa liwe kavu, lisilo na joto la kupanda na kushuka, na makasha yainuliwe kutoka sakafuni. Kwa usalama, risasi huhifadhiwa mbali na bunduki.

Grisi huzuia kutu, lakini haizuii wizi. Kazi hiyo inahitaji namba. Bunduki nyingi za Fazakerley za kipindi hicho zina namba inayoanza na herufi PF, iliyogongwa kwenye chuma karibu na kitako, pamoja na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Namba hiyo hurudiwa kwenye bolti, kipande kinachofunga nyuma ya mtutu, kwa sababu kila bolti hupimwa ilingane na bunduki yake. Zikitofautiana, bolti imebadilishwa, na bunduki inapaswa kukaguliwa na fundi kabla ya kutumiwa.

Kwa mtunza ghala, namba ndiyo msingi wa leja. Kuhesabu makasha tu hakutoshi, maana bunduki moja inaweza kuondolewa na nyingine kuwekwa mahali pake bila idadi kubadilika. Ndiyo maana Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogondogo inazitaka nchi zilizoitia saini, zikiwemo Kenya na Tanzania, kuzitia silaha alama na kuweka kumbukumbu zake. Silaha ikikamatwa mikononi mwa wahalifu, alama na kumbukumbu hizo huwawezesha wapelelezi kujua ilitoka ghala gani na nani alikabidhiwa silaha hiyo mara ya mwisho.