Kozi ya Kurekodi Sauti: Ada Inanunua Nini? (Sehemu ya 2)

Katika sehemu ya kwanza makala haya yalieleza namna studio ndogo za Mpanda zinavyojipatia riziki: kwaya za makanisa, matangazo ya biashara, wasanii chipukizi wa Bongo Fleva na waimbaji wa ngoma za Kisukuma wanaotoka vijijini. Sasa ni zamu ya swali la mzazi ambaye kijana wake amerudi nyumbani na karatasi ya ada. Kozi hiyo ya miezi mitatu inalingana na fedha inayodaiwa?

Mgeni akifika kwenye kituo cha mafunzo, huonyeshwa vifaa kwanza. Mlango unafunguliwa, anaona maiki imening'inia, spika mbili, kompyuta yenye kioo kipana, kuta zimebandikwa sponji nyeusi. Macho yanashiba. Lakini mwanafunzi hatoki na vifaa hivyo siku ya mwisho. Anacholipia ni muda wa kuvishika yeye mwenyewe, huku mtu mwenye sikio lililokomaa akimsahihisha. Muda huo unahesabika kama magunia ya mpunga.

Tuchukue mfano wa kozi ya shilingi 600,000, wiki 12, saa 10 kwa wiki. Jumla ni saa 120. Nusu zikienda kwenye maelezo ya ubaoni, zinabaki 60 za vitendo. Darasa likiwa na wanafunzi 15 na kompyuta moja, kila mmoja atakaa kwenye kiti kwa saa 4 tu, na kila saa imemgharimu shilingi 150,000. Wakiwa watano, kila mmoja anapata saa 12, na bei ya saa inashuka hadi 50,000. Ada ni ileile, chumba ni kilekile. Kwa hiyo kabla ya kuuliza maiki ni ya kampuni gani, mzazi aulize darasa lina watu wangapi na kompyuta ngapi, na kama mwanafunzi anaruhusiwa kuitumia studio jioni isipokuwa na wateja. Ruhusa hiyo ya jioni yaweza kuwa na thamani kuliko nusu ya ratiba nzima.

Kuna sehemu ya kozi ambayo haistahili kulipiwa sana. Programu ya Audacity hupatikana bure tangu mwaka 2000. Reaper huruhusu kujaribiwa kwa siku 60, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60 za Marekani. Maelezo ya vitufe vyake yamejaa kwenye intaneti, na kijana mwenye kompyuta ya kuazima anaweza kuyapitia peke yake. Mwalimu anayemaliza mwezi mzima akionyesha vitufe anauza kisichouzwa.

Kinachouzwa kwa haki ni sikio, na sikio la mwalimu linapimika kwa dakika chache kabla ya kulipa chochote. Aombwe amrekodi mtu mmoja akisema, "Pili alipika pilau Mpanda," kisha airudie sauti hiyo kwenye hedifoni bila kuongeza kitu. Maiki ikiwa imeelekezwa moja kwa moja mdomoni, kila "p" itapiga kama kofi dogo la upepo. Fundi mzuri hakimbilii kompyuta. Anaisogeza maiki umbali wa shubiri moja hivi, anaigeuza kidogo pembeni ili pumzi ipite kando, anarekodi tena. Kofi limetoweka. Kisha atazamwe kama anakiangalia kipimo cha nguvu ya sauti. Katika kurekodi kwa dijitali, sauti ikivuka sifuri inakatwa kichwa, na hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa. Ndiyo maana mafundi huacha nafasi, kilele kikiwa desibeli 10 hivi chini ya sifuri.

Jambo la pili ni chumba. Nyumba nyingi za Mpanda ni za saruji na mabati, na ukipiga kofi moja katikati ya chumba kitupu, mwangwi unakujibu. Sponji nyembamba hupunguza mwangwi wa sauti kali tu. Haimzuii jirani, wala haizuii mvua. Katika mkoa ambao mvua huanza takriban Novemba na kuendelea hadi Aprili, mwalimu mwenye uzoefu atakuwa na jibu tayari juu ya dari yake, na juu ya umeme pia, maana kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, na mafundi wa hapa walijifunza kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache.

Maarifa haya hayajaanza na kompyuta. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa Wagogo, Wahaya na wengineo. Hakuwa na chumba cha sponji. Alisimama katikati ya wapigaji, maiki mkononi, akiisogeza kwa mwimbaji au chombo kilichohitaji kusikika. Baadaye Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kama NUTA Jazz na Tabora Jazz zikipiga kwa pamoja, na mafundi wake walipanga uwiano wa sauti palepale studioni. Hilo ndilo somo ambalo kwaya ya watu 30 kutoka Katumba au Inyonga italihitaji kesho: nani asimame nyuma, besi wakae upande gani, maiki iinuliwe kiasi gani. Kozi isiyompeleka mwanafunzi kurekodi kwaya hata mara moja, kwa mkoa huu, imekwepa kazi yenyewe.

Kuhusu cheti, vyuo binafsi vya ufundi hutakiwa kusajiliwa na NACTVET, na namba ya usajili ni kitu cha kuuliza bila haya. Kituo kisichosajiliwa kinaweza kufundisha vizuri, kama studio nyingi zilivyowalea maprodyuza waliojifunza wakiwa wamekaa nyuma ya kiti cha aliyewatangulia. Ila kisitoze bei ya chuo. Anayetaka cheti kinachotambulika katika sanaa anayo TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ingawa kwa kijana wa Mpanda safari hiyo ni ndefu: kilomita 210 hivi za reli hadi Kaliua, halafu Tabora, halafu pwani. Nauli, chumba na chakula viingie kwenye hesabu ileile ya ada.

Kuna ushahidi mmoja ambao haughushiwi kirahisi, nao ni kazi za wanafunzi waliomaliza. Si kazi za mwalimu, wala wimbo uliopigwa redioni. Mzazi aombe kusikiliza rekodi mbili za mwanafunzi mmoja, ya wiki ya kwanza na ya wiki ya mwisho, kwa hedifoni. Hahitaji utaalamu. Katika ya kwanza atasikia feni, mwangwi na maneno yaliyomezwa. Katika ya pili, kama kozi ni ya kweli, atamsikia mtu akiimba.

Itaendelea: risiti, awamu za malipo na mkataba wa mafunzo.