Hizo 320 za Juu ni za Nani?

Umeona viatu mtandaoni kwa KSh 2,000. Ukifika kulipa, bei inakuwa 2,320. Usimkasirikie muuzaji bado: hizo 320 ni VAT ya asilimia 16, anayoikusanya kwa niaba ya KRA.

Biashara inayouza bidhaa za VAT za KSh milioni 5 au zaidi kwa mwaka lazima isajiliwe, iwe ni duka la River Road au ukurasa wa Insta. Ambaye hajasajiliwa haruhusiwi kukutoza VAT. Lakini mauzo yake yakipita milioni 1 kwa mwaka, kwa kawaida hulipa TOT ya asilimia 3: bob 60 kwa kila 2,000, apate faida asipate.

Anayeumia ni muuzaji mwaminifu, kwa sababu jirani anayekwepa kodi anaonekana bei nafuu.

Kwa hivyo kabla hujaweka PIN, uliza: bei ya mwisho ni ngapi, na nitapata risiti ya eTIMS? Ujumbe tunaokutumia unathibitisha tu kwamba umelipa. Si risiti ya kodi.

Nawe muuzaji, andika bei kamili tangu mwanzo. Mteja akishtukia bei dakika ya mwisho, anahama.